Kwa fizikia halisi, mwili wa Steve wa Minecraft unahimili pigo kubwa kiasi gani?

#1 Kalulu_wa_Uyole
Wakuu, salaam. Naweka dai mezani, mwenye kikokotoo aje alipinge.

Dai: Steve, yule mhusika wa gemu ya bloku ya Minecraft, akiwa hana kofia wala deraya, anapokea pigo la kilojouli 172 na anabaki hai.

Hesabu hii hapa. Bloku moja ni mita moja kila upande. Steve ana pointi 20 za uhai, yaani mioyo 10. Akianguka, gemu inamkata pointi moja kwa kila mita, ila mita 3 za mwanzo ni bure. Kwa hiyo mita 22 zinamkata 19, anabaki na nusu moyo. Mita 23 zinammaliza.

Mvutano wa dunia yake si 9.81. Gemu inapiga tiki 20 kwa sekunde, na kila tiki inamwongezea kasi ya 0.08 ya bloku, kisha inazidisha kwa 0.98 kama upinzani wa hewa. Ukigeuza hiyo 0.08 unapata mita 32 kwa sekunde kila sekunde. Jumlisha tiki baada ya tiki: mita 22 anazimaliza kwa tiki kama 26, sekunde 1.3, na anagonga ardhi akiwa na mita 32 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 115 kwa saa.

Uzito: kichwa pikseli 8×8×8, kiwiliwili 8×12×4, mikono miwili na miguu miwili kila kimoja 4×12×4. Jumla 1,664. Bloku ina pikseli 16, ila mwili wake huchorwa ukiwa umepunguzwa kwa 0.9375, hivyo pikseli moja ya mwili ni sentimita 5.86. Ujazo unakuja 0.335 ya mita ya ujazo. Mpe densiti ya maji: kilo 335.

Nusu × 335 × 32 × 32 = jouli 171,520. Karibuni.

#2 MbaoZaMafinga
Kilo 335? Huyo mpelekeni mnadani.

#3 Sista_wa_Chimala
Kalulu, umechagua ujazo wa picha. Gemu yenyewe haigongani na picha, inagongana na kisanduku kisichoonekana cha 0.6 × 0.6 × 1.8. Hicho kina 0.648 ya mita ya ujazo, kilo 648 kwa densiti yako hiyo hiyo. Jibu lako linaruka hadi kilojouli 332. Na mtu wa kilo 75 naye angetoa kilojouli 38. Kabla hatujajua ugumu wa mwili, uzito peke yake umeshatupa majibu matatu yaliyopishana karibu mara tisa.

Halafu mkono wa Steve unatokeza nje ya kisanduku. Mabega ya picha ni pikseli 16, sentimita 94. Kisanduku ni sentimita 60. Ndiyo maana anapita mlango wa bloku moja bila kugeuka ubavu.

#4 Nyutoni_wa_Loleza
Kamwene wakuu. Kosa la mleta uzi ni kuchanganya dunia mbili: mvutano wa Minecraft, densiti ya maji ya kwetu. Chagua moja.

Ukichagua ya kwetu, tumia mtu wa kilo 75, 9.81, mita 22, kilojouli 16.2. Kasi ya kugonga ni 20.8 kwa sekunde, kilomita 75 kwa saa. Ukichagua ya gemu bila hewa, kasi ni 37.5. Ukiweka hewa ya gemu, ndiyo hiyo 32 ya Kalulu. Kila mtu humu aandike anatumia ipi, la sivyo tutabishana hadi asubuhi na kumbe wote tuko sahihi.

#5 Kalulu_wa_Uyole
Mkuu #4, natumia ya gemu kwa mwendo na ya kwetu kwa mwili. Mwendo tunauona kwenye kioo na unapimika. Densiti ya nyama haionekani, lazima ikopwe mahali. Sioni mchanganyiko hapo.

#6 Mwalimu_Mekaniksi_IR
Ndugu zangu, nishati haiui mtu. Kinachoua ni umbali wa kusimama, yaani mwili unasogea kiasi gani kabla haujatulia.

Kanuni: mchapuko ni kasi ya pili (kasi mara kasi) gawanya kwa umbali wa kusimama mara mbili. Steve hakunji magoti. Chukua kwamba anasimama ndani ya tiki moja, sekunde 0.05: 32 ÷ 0.05 = 640, yaani mara 65 ya mvutano wa dunia. Kanali John Stapp wa jeshi la anga la Marekani alipimwa kwenye kigari cha roketi tarehe 10 Desemba 1954 akafika mara 46.2 na akaishi, lakini alifungwa mikanda kila mahali na alikuwa amekaa. Kwa kipimo hicho Steve amemzidi Stapp kwa asilimia 40 tu. Si ajabu hata kidogo.

Ila kusimama ndani ya tiki moja kwa breki ya sawasawa kunataka umbali wa sentimita 80, na Steve hazami hata unywele. Mpe sentimita 1: 32 × 32 ÷ 0.02 = 51,200. Hiyo ni zaidi ya mara 5,200. Kwa kilo 335 kani ni meganyutoni 17. Nyayo zake mbili, kila moja pikseli 4×4, zina 0.11 ya mita ya mraba. Gawanya: megapaskali 156.

Mfupa mgumu wa paja la binadamu, ukigandamizwa kwa urefu wake, unapasuka kwenye megapaskali 170 hivi. Kwa maana hiyo Steve ana mifupa ya kawaida kabisa, ila miguu yake ni minene ya mraba na ni mfupa mtupu kuanzia unyayo hadi nyonga.

#7 Zege_na_Nondo
Mwalimu, hesabu ni safi lakini umesahau upande wa pili wa pigo. Megapaskali 156 zinashuka kwenye nini? Zege la daraja la 25, lile la nguzo za nyumba za kawaida, linapondeka kwenye megapaskali 25. Udongo wa shamba unaanza kuzama kabla hata ya megapaskali moja. Steve anaanguka kwenye bloku ya udongo na nyasi, na nyasi hazilali.

Kwa hiyo ama udongo wa Minecraft ni mgumu kuliko zege mara sita, ama umbali wa kusimama si sentimita 1. Huwezi kupima yai kwa kulipiga na nyundo ambayo hujui ni ya chuma au ya sponji.

Ukirudi kwenye ile tiki moja, mgandamizo ni megapaskali 1.95 tu. Jiwe linahimili, zege linahimili, udongo wa kawaida hauhimili. Kinachonisumbua: gemu inamkata pointi zile zile 19 akianguka kwenye jiwe, mbao, mchanga au udongo. Tofauti iko kwenye vitu vichache tu, kama robota la majani makavu linalopunguza maumivu kwa asilimia 80, na kitanda kinachopunguza nusu.

#8 Dogo_Kabwe
Mnahangaika na Steve wakati CJ wa gemu ya GTA San Andreas anagongwa na treni anainuka?

#9 MbaoZaMafinga
CJ mfungulie uzi wake. Huyo pointi zake zinaongezeka kwa kuokoa watu na ambulensi, tutamfanyia hesabu gani?

#10 Sista_wa_Chimala
Kwa wanaotaka kupima wenyewe badala ya kubishana, utaratibu ni huu (toleo la Java, lile la kompyuta):

Fungua ulimwengu bapa wenye ruhusa ya amri. Bonyeza F3 uone namba ya Y, yaani urefu wa kwenda juu. Vua kila kitu mwilini. Zuia kupona: shusha kipimo cha shibe chini ya 18, maana juu ya hapo anajiponya na utasoma pointi zisizo za kweli. Simama katikati ya bloku, andika /tp @s ~ ~22 ~ kisha usiguse kitu hadi atue. Hesabu nusu mioyo.

Panapoharibika: wengi hujenga mnara wa bloku 22 halafu wanaruka. Kuruka kunaongeza mita 1.25, kwa hiyo umepima 23.25. Gemu inakata desimali kwenda juu, inakuwa pointi 21, Steve amekufa, unakuja kusema namba ya Kalulu si kweli. Hata sentimita 10 za ziada zinatosha kuua. Shuka kwa kutembea ukingoni, usiruke.

La pili: deraya tupu haipunguzi maumivu ya kuanguka, hata iwe ya almasi. Kinachopunguza ni uganga uliowekwa juu yake. Viatu vyenye Feather Falling ya 4 vinapunguza asilimia 48. Ukiongeza Protection ya 4 kwenye vipande vyote unagonga ukomo wa asilimia 80, na hapo Steve anatua kutoka mita 102 akiwa hai.

#11 Nyutoni_wa_Loleza
Ndaga dada. Hiyo mita 102 imefungua kitu. Kwa hesabu ya tiki anafika chini na mita 56 kwa sekunde. Ndiyo kasi kikomo ya mtu anayejirusha na parashuti kabla hajalifungua, kama kilomita 200 kwa saa.

Na sasa tuseme ukweli ambao Kalulu ameukwepa: gemu haiangalii kasi wala nishati. Inaangalia umbali tu. Kutoka mita 200 Steve anagonga na 66 hivi, kutoka mita 300 na 72. Nishati imeongezeka chini ya robo. Pointi alizokatwa zimetoka 197 kwenda 297, zaidi ya nusu. Kama pointi zingekuwa kipimo cha ugumu wa mwili, zingefuata nishati. Hazifuati.

#12 Kalulu_wa_Uyole
Zinafuata, ukitoa hewa. Bila hewa nishati ya kugonga ni uzito mara mvutano mara umbali, mstari ulionyooka. Pointi nazo ni mstari ulionyooka. Hata zile mita 3 za bure ni mahali ambapo kijana mwenye afya anaruka na kutua bila kuvunjika. Aliyeandika kanuni hiyo alikuwa na fizikia ya sekondari kichwani.

Kwa kilo 75 na dunia yetu, pointi moja ni jouli 736. Kwa kilo 335 na mvutano wa 32, pointi moja ni jouli 10,720. Chagueni.

#13 Ngozi_Kreta
Mmesahau maji. Steve akidondoka kutoka juu kabisa, kwenye kasi kikomo ya mita 78.4 kwa sekunde, akatua kwenye maji yenye kina cha bloku mbili, hakatwi hata nusu moyo. Kasimama ndani ya mita 2: 78.4 × 78.4 ÷ 4 = 1,537, mara 157 ya mvutano wa dunia kwa wastani. Mara tatu ya Stapp, na anaogelea.

Mwalimu #6 alisema Steve anakaribia kufa kwenye mara 65 akitua juu ya ardhi. Majini anacheka kwenye 157. Kwa hiyo tiki moja haiwezi kuwa sahihi. Sentimita 1 inaanza kupata nguvu.

#14 Dogo_Kabwe
Kumbe Steve akijitupa maporomoko ya Kalambo, zaidi ya mita 200, anaibuka na fimbo ya kuvulia samaki.

#15 Mwalimu_Mekaniksi_IR
#13, maji hayabebi pigo kwenye nyayo peke yake. Yanagawa mgandamizo kwenye ngozi yote iliyozama, na mwili mzima unasukumwa kwa pamoja. Pigo la ardhi linapita kwenye miguu kwanza. Huwezi kulinganisha namba mbili za mchapuko bila kusema zimeingilia wapi mwilini. Binadamu akigonga maji kwa kasi hiyo anakufa, kweli, lakini swali letu ni miguu ya Steve.

#16 Lori_la_Tunduma
Mkitaka miguu, acheni kuanguka. Mpimeni akiwa amesimama.

Ana nafasi 36 za mizigo, kila moja bloku 64. Jumla bloku 2,304. Jaza dhahabu: mita moja ya ujazo ni kilo 19,300. Zidisha, tani 44,467. Anatembea, anaruka mita 1.25, anapanda ngazi.

Kani ya kusimama tu, kwa 9.81, ni meganyutoni 436. Gawanya kwa 0.11 yenu ya nyayo: gigapaskali 4. Mfupa wenu wa megapaskali 170 umezidiwa mara 23. Chuma cha nondo kimeshalegea zamani. Na hapo hajaanguka. Akianguka mita 22 na mzigo huo anakatwa pointi zile zile 19, wakati nishati ni gigajouli 9.6 kwa mvutano wa dunia yetu. Hiyo ni sawa na tani 2.3 za TNT.

Kwa malori, kila moja tani 30 za mzigo, ni malori 1,482. Mpe kila lori mita 20 na foleni ya Tunduma ni kilomita 29.6. Mtu mmoja, mfukoni.

#17 MbaoZaMafinga
Na mizani ya barabarani anapita? Ukomo tani 56, ekseli zake mbili.

#18 Sista_wa_Chimala
#16, hesabu haina dosari ila umepima mfuko, hujampima Steve. Angalia mwendo wake: akiwa mtupu na akiwa na dhahabu yote anaruka urefu ule ule na anatembea kasi ile ile. Akiingia majini hazami haraka zaidi. Akipanda boti, boti haididimii. Vipimo vyote vya mwendo vinasema mzigo una uzito wa sifuri. Ukisema miguu inabeba gigapaskali 4, lazima useme pia misuli inazalisha nishati ya kuinua tani 44,467 mita 1.25 kila anaporuka. Hiyo ni megajouli 545 kwa mruko mmoja, na anaendeshwa na mkate.

#19 Lori_la_Tunduma
Ndiyo. Anaendeshwa na mkate. Mbona kuanguka mlikubali bila kuuliza magoti?

#20 Fuawe_ya_Mbozi
Niongeze kipimo ambacho hakihusu miguu wala mfuko: fuawe, lile pande la chuma la mhunzi, ikimdondokea kichwani. Gemu inakata pointi 2 kwa kila mita baada ya mita ya kwanza, ukomo 40. Kutoka mita 10 inakata 18. Steve hai, amebaki na moyo mmoja. Akivaa kofia inapungua robo.

Uzito wa fuawe: inatengenezwa kwa bloku 3 za chuma na vipande 4. Bloku moja ni vipande 9, kwa hiyo jumla vipande 31, bloku 3.44. Chuma ni kilo 7,870 kwa mita ya ujazo. Fuawe moja: tani 27.

Kwa watu wa kwetu: Kimondo cha Mbozi, kile cha pale Ndolezi, kinakadiriwa tani 16 hivi, chuma chenye nikeli kidogo. Hizo ni bloku mbili tu za Minecraft. Fuawe ni nzito kuliko Kimondo. Na inadondoka kutoka mita 10 kwenye utosi: 27,100 × 9.81 × 10 = megajouli 2.66. Ni mara 15 ya kilojouli 172 za mleta uzi. Kalulu, umemdhulumu Steve.

#21 Zege_na_Nondo
Fuawe_ya_Mbozi, mambo matatu.

Moja, ujazo wa fuawe yenyewe hauzidi bloku moja. Chuma cha bloku 3.44 hakiingii humo bila kuwa na densiti ya zaidi ya 27,000, na hata osmiamu, metali nzito kuliko zote, iko kama 22,600. Kwa hiyo mhunzi ametupa chuma au mapishi ya gemu hayahifadhi uzito. Ukichukua ujazo usiozidi bloku moja, uko chini ya tani 7.9.

Mbili, bloku zinazodondoka hazitumii mvutano wa Steve. Zinaongezewa 0.04 kwa tiki, nusu yake, yaani 16. Kwenye dunia moja vitu viwili vina mvutano tofauti.

Tatu, na hili ndilo kubwa: fuawe haisimami juu ya kichwa. Inampita na kutua chini pale pale alipo. Nishati iliyoingia mwilini ni ile iliyopotea njiani tu, na kasi yake haipungui inapompita. Kwa fizikia kali, aliyopokea ni sifuri.

#22 Fuawe_ya_Mbozi
Kama alipokea sifuri, pointi 18 zimekwenda wapi?

#23 Zege_na_Nondo
Hilo waulize Stockholm, kwa watengenezaji wa gemu.

#24 Nyutoni_wa_Loleza
Turudi kwenye uzito, maana kila kitu kinaning'inia hapo, na kuna njia ya kuupata bila kukopa densiti ya nyama: upinzani wa hewa.

Kwenye kasi kikomo, upinzani ni sawa na uzito. Akianguka wima, eneo linalokata hewa ukimwangalia kutoka juu ni pikseli 96 za mraba (mabega 16×4, ongeza sehemu za kichwa zinazotokeza mbele na nyuma), sawa na 0.33 ya mita ya mraba. Mgawo wa umbo mpe 1, ni sanduku. Hewa ya usawa wa bahari 1.2. Nusu × 1.2 × 0.33 × 78.4 × 78.4 = nyutoni 1,217. Gawanya kwa 32: kilo 38.

Kilo 38! Mtoto wa darasa la sita. Ukimng'ang'ania kuwa na kilo 335, hewa ya Minecraft lazima iwe na densiti ya 10.6, karibu mara tisa ya yetu. Hapo kuku wangepaa wenyewe.

Kwa kilo 38 na mita 22, kilojouli 19.5. Tumekaribia kabisa ile 16.2 ya mtu wa kawaida wa duniani, kwa njia tofauti. Mimi nasimama hapa.

#25 Ngozi_Kreta
Mkuu, kanuni uliyotumia ni ya upinzani unaokua kwa kasi ya pili. Gemu inazidisha 0.98 kila tiki, upinzani unaokua sawa na kasi yenyewe, kama kitu kinachozama kwenye asali. Kilo 38 imetoka kwenye kanuni ambayo dunia ile haiifuati.

Na hewa yenyewe haibadiliki na urefu. Mbeya mjini, mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko Dar, kwa hiyo mtu yule yule kasi kikomo yake Mbeya inazidi kwa asilimia 8 hivi. Steve akiwa Y 300 au Y -60 ni 0.98 ile ile. Umepima hewa isiyo hewa.

#26 Dogo_Kabwe
Kumbe ndiyo maana mpira Sokoine unapaa hovyo. Nilidhani ni mabeki.

#27 Ngozi_Kreta
Mabeki pia.

#28 Mwalimu_Mekaniksi_IR
Kuna aliyegusa lava? Kwenye lava Steve anakatwa 4 kila nusu sekunde. Mapigo matano, sekunde mbili na kidogo. Lava ya basalti, kama ile iliyomwagwa na Kyejo kule Rungwe takriban miaka 200 iliyopita, ikitoka ina nyuzi 1,100 hadi 1,200. Kwenye 1,200 uso wake unarusha kilowati 267 kwa kila mita ya mraba. Jua la mchana ni kama kilowati 1.

Ajabu ni nje ya lava. Akisimama bloku moja pembeni, hata akae wiki, hakatwi kitu. Hata kama ni robo tu ya joto hilo inayomfikia, ngozi ya binadamu ingeungua ndani ya sekunde chache. Kwa joto la mbali Steve hana ukomo; kwa joto la kugusa ana sekunde mbili.

Halafu lava ina densiti ya kama 2,700. Mwili wa densiti ya maji unaelea juu yake theluthi mbili nje. Steve anazama. Haya, #24, mpe sasa densiti gani?

#29 Lori_la_Tunduma
Ya mwenye dhahabu mfukoni. Nilisema.

#30 Sista_wa_Chimala
Lori, anazama hata akiwa mtupu.

Kwa wapenzi wa milipuko: TNT ya gemu kwenye ugumu wa kawaida inakata hadi 57 ikimgusa. Ukiifuata kanuni yake, Steve mtupu anabaki hai akiwa mita 4.5 kutoka katikati, bila ukuta. Bloku nzima ya TNT halisi ingekuwa kilo 1,654. Kwa uzito huo, kwenye mita 4.5 mgandamizo wa hewa ni megapaskali kadhaa. Mapafu ya binadamu yanaanza kuharibika kwenye kilopaskali 100 hivi, masikio kwenye 35.

Lakini msikimbilie hiyo. Mapishi ni baruti 5 na mchanga 4, karibu nusu ni mchanga. Na shimo linaloachwa kwenye udongo lina upana wa bloku chache. Kwa kuwa upana wa shimo unakua kwa mzizi wa tatu wa uzito wa baruti, shimo likiwa theluthi mbili ya lile la tani 1.65, baruti imeshuka hadi chini ya kilo 500. Mgandamizo bado unazidi megapaskali 1. Masikio yake ni mazuri kuliko miguu.

#31 MbaoZaMafinga
Ana masikio? Mimi naona sanduku.

#32 Zege_na_Nondo
Kuna mtu atasema binadamu naye huanguka akapona, basi nimtangulie. Vesna Vulović, mhudumu wa ndege, tarehe 26 Januari 1972, kilomita 10.16. Alikuwa ndani ya kipande cha ndege, kikatua kwenye mteremko wenye miti na theluji. Alivunjika fuvu, miguu na uti wa mgongo. Steve akibaki na nusu moyo anakimbia, anaruka na anachimba kwa nguvu zile zile. Ndiyo maana nasema pointi si mifupa. Ni daftari la deni. Halina jeraha, lina salio tu, na mwenye salio la 1 anafanya kazi sawa na mwenye 20.

#33 Mwalimu_Mekaniksi_IR
Daftari la deni halielezi kwa nini mita 3 ni bure na robota la majani linapunguza asilimia 80. Hayo ni mambo ya umbali wa kusimama. Kuna mtu alifikiria mwili pale.

#34 Kalulu_wa_Uyole
Naandaa jedwali. Kwenye safu ya "pigo la kuanguka" niandike ngapi?

#35 Nyutoni_wa_Loleza
16.2. Kilo 75, dunia yetu.

#36 Fuawe_ya_Mbozi
2,660. Na usiondoe fuawe.

#37 Sista_wa_Chimala
Usiandike kilojouli kabisa. Andika mita 22, bila deraya, bila kuruka, shibe chini ya 18, Java. Hiyo kila mtu ataipima na kuipata.

#38 Lori_la_Tunduma
Na safu ya mzigo je? Mwenye kompyuta ajaze nafasi zote 36 dhahabu, avae viatu vya Feather Falling ya 4, ashuke mita 41. Kwa asilimia 48 inatakiwa akatwe 19.76, abaki hai kwa ukucha. Picha ya mioyo iwekwe hapa.

#39 Dogo_Kabwe
Umeme Kabwe umekatika. Atakayewahi aweke.